NANI ALIYEPIGA NGOMA?

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo yamkini wengine wataliona ni la mchezo. Mimi silioni hivyo, na sababu zangu nitazieleza zote, hata ile moja inayonitia haya.

Jambo lenyewe ni hili: watu waliopiga ngoma katika nyimbo tunazozipenda, mbona hatuwajui?

Mjomba wangu aliyeko Tanga anazo santuri za zamani, zimejaa sanduku zima, na kila likizo huniruhusu kuzipiga kwa sharti la kunawa mikono kwanza. Likizo ya Juni nilikuwa nikisikiliza wimbo uitwao "My Girl" wa kikundi cha The Temptations, uliotoka mwaka 1964. Ulipokwisha nikaisoma karatasi iliyobandikwa katikati ya sahani. Jina la kikundi lipo. Majina ya watunzi wawili yapo. Jina la kampuni lipo, na nambari ya sahani nayo ipo. Nikamwuliza mjomba, "Na huyu anayepiga dramu ni nani?" Akanitazama kana kwamba nimemwuliza jina la aliyeshona shati lake. "Hao ni watu watano wa kuimba tu, mjomba," akasema, "ngoma wataijulia wapi? Watakuwa walipigiwa." Walipigiwa na nani? Hakujua, na wimbo huo ameusikiliza tangu hajaoa.

Ikanibidi nitafute mwenyewe. Nilisoma nilichoweza kupata, na mwalimu mmoja akanionyesha filamu mbili juu ya habari hizo. Sasa naweza kumjibu mjomba. Aliyepiga ni Benny Benjamin.

Kampuni iliyotoa wimbo ule ni Motown ya mji wa Detroit, Marekani. Bwana Berry Gordy aliianzisha mwaka 1959 kwa mkopo wa dola 800 aliopewa na jamaa zake. Studio yake ilikuwa ndani ya nyumba ya kawaida katika barabara ya West Grand Boulevard, chumba kisicho kikubwa ambacho wapigaji walikiita Shimo la Nyoka, kwa kuwa nyaya zilining'inia kila mahali. Ndani ya chumba hicho waimbaji walipishana: leo The Supremes, kesho The Four Tops, keshokutwa The Miracles au Martha and the Vandellas. Msikilizaji wa nje alidhani kila kikundi kina watu wake. Kumbe waliokaa chini na vyombo walikuwa walewale, na wenyewe kwa wenyewe walijulikana kwa jina la Funk Brothers.

Wapiga dramu wakubwa katika hao walikuwa watatu: Benny Benjamin, Richard Allen aliyepewa jina la utani la "Pistol", na Uriel Jones. Benjamin ndiye wa kwanza. Yumo katika "Money" ya mwaka 1959, katika "Shop Around" ya The Miracles ya mwaka 1960, na katika "Do You Love Me" ya The Contours ya mwaka 1962. Allen yumo katika "Heat Wave" ya Martha and the Vandellas ya mwaka 1963, mwendo ule wa kuchechemea unaomfanya mtu atikise mabega hata kama amekaa darasani. Jones yumo katika "Ain't Too Proud to Beg" ya The Temptations ya mwaka 1966, naye mkono wake ni mzito. Mtu akikaa na nyimbo hizi jioni tatu au nne, masikio yataanza kuwatenganisha watu hawa kama vile tunavyotambua bwenini ni nani anayekuja kwa mwendo wa viatu vyake.

Lakini isidhaniwe kwamba kazi hiyo ni rahisi. Wakati mwingine waliketi wapiga dramu wawili pamoja katika wimbo mmoja. Tena katika "Nowhere to Run" ya mwaka 1965 kuna mlio wa chuma ambao si wa ngoma hata kidogo: ni minyororo ya kufungia magurudumu ya motokaa wakati wa theluji, inatikiswa. Na tena Marvin Gaye, ambaye sote tunamjua kuwa mwimbaji, alianza katika kampuni hiyo kwa kupiga dramu, na husemwa kwamba yeye ndiye aliyempigia kikundi cha The Marvelettes "Please Mr. Postman" mwaka 1961. Basi mtu anaweza kumtafuta mpiga ngoma asiyejulikana akamkuta ni mtu maarufu kuliko wote.

Motown haikuchapa majina ya wapigaji wake juu ya jalada mpaka mwaka 1971, katika santuri ndefu ya Marvin Gaye iitwayo What's Going On. Benny Benjamin alikuwa amekwisha kufa. Alifariki mwaka 1969, umri wake miaka 43. Miaka kumi alikuwa akisikika katika redio za nchi nyingi, na hakuwahi kuliona jina lake juu ya jalada la kampuni aliyoijenga kwa mikono yake. Filamu iliyowatoa gizani watu hao ilionyeshwa mwaka 2002, na Pistol Allen alifariki mwaka huohuo, miezi michache tu kabla haijaonyeshwa. Uriel Jones aliishi hadi mwaka 2009, kwa hiyo walau mmoja katika watatu alipigiwa makofi akiwa hai.

Sasa twende Los Angeles, upande wa pili wa nchi ile. Huko mambo yalikuwa ya aina nyingine kidogo, maana wapigaji hawakuwa wa kampuni moja. Walikodiwa na kila mwenye haja, asubuhi studio hii na mchana studio ile, wakalipwa kwa kila kikao, kazi ikaishia hapo. Sahani ikiuzwa mia au milioni, ujira ulikuwa uleule. Mkubwa wao katika dramu alikuwa Hal Blaine. Mwanzo wa "Be My Baby" ya The Ronettes, mwaka 1963, ni wake: vishindo vitatu vya ngoma kubwa inayokanyagwa kwa mguu, halafu pigo moja kali la ngoma ndogo. Mapigo manne tu, na wapiga dramu wa dunia nzima wameyaiga mpaka leo. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba yalitokana na kosa: alikosa pigo moja la ngoma ndogo, akaona afadhali aendelee kulikosa hivyo hivyo ili lionekane kuwa lilikusudiwa. Nampenda sana mtu huyu kwa neno hilo.

Tangu 1966 hata 1971, miaka sita mfululizo, nyimbo zilizopata tuzo ya Grammy ya rekodi bora ya mwaka zilikuwa na dramu za Hal Blaine. Mbili kati ya hizo ni za kikundi cha The 5th Dimension, na mbili ni za Simon na Garfunkel. Waliopanda jukwaani kupokea tuzo hawakuwa yeye.

Tena katika mji huo hata waimbaji hawakuwa salama. Wimbo "He's a Rebel" wa mwaka 1962 umeandikwa jina la The Crystals, lakini The Crystals hawamo kabisa. Walikuwa New York, na mtengenezaji akiwa na haraka akamwita Darlene Love na wenzake wa kikundi cha The Blossoms waimbe. Wimbo ukapanda mpaka nafasi ya kwanza kwa jina la watu wasiokuwapo. Mtu akiniambia kwamba kilichoandikwa juu ya sahani ni ushahidi wa kutosha, namwonyesha sahani hii.

Ya nne ni habari ya London, nayo nitaipita upesi kwa sababu wengi wanaijua. The Beatles walikuwa na mpiga dramu wao, Ringo Starr. Hata hivyo, Septemba 1962 mtengenezaji alimkodi Andy White apige dramu katika "Love Me Do", na Ringo akapewa tari. Zikabaki rekodi mbili za wimbo mmoja, na zote mbili zimeuzwa. Namna ya kuzitambua ni rahisi hata kwa mtoto: ukisikia tari, mpiga dramu ni Andy White, usiposikia tari, ni Ringo.

Laiti kila wimbo ungekuwa na tari yake! Kwa nyingine zote watafutaji wanalazimika kuunga vipande. Kwanza kuna karatasi za mikataba ya chama cha wanamuziki cha Marekani, ambazo zilijazwa kwa kila kikao ili watu walipwe ujira na kuwekewa fedha za uzeeni. Humo mna majina. Pili kuna kanda zenyewe, maana mashine ya kurekodi huanza kuzunguka kabla wimbo haujaanza, na watu huzungumza. Kanda za santuri ya Pet Sounds ya The Beach Boys, iliyotoka mwaka 1966, zilipotolewa kwa umma mwaka 1997, kila mtu aliweza kumsikia Brian Wilson akimwita mpiga dramu wake "Hal", ilhali dramu ya kikundi kile mbele ya watu ilikuwa ya ndugu yake Dennis. Tatu kuna alama. Hal Blaine alikuwa na muhuri wa mpira wenye jina lake, akaugonga juu ya karatasi za muziki alizozipiga. Watu wengine watauita majivuno. Mimi nauita busara, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwandika.

Hata hivyo kila ushahidi una udhaifu wake, na hapa ndipo ninapotofautiana na wapenzi wengine wa muziki, ambao wakigundua kwamba fulani alipiga nyimbo kumi humpa na ishirini za jirani. Baada ya watu kujua habari za Hal Blaine, Dennis Wilson akadharauliwa kana kwamba hakuwahi kushika fimbo studioni. Waliozichunguza kanda na karatasi kwa uangalifu wameonyesha kwamba alipiga katika rekodi nyingi kuliko ilivyosemwa. Basi walipokuwa wakimrudishia mmoja haki yake, walimnyang'anya mwingine ya kwake. Kumbukumbu za wapigaji wenyewe nazo si za kuegemea peke yake: mtu aliyefanya vikao vitatu kwa siku, kwa miaka kumi, hawezi kukumbuka vyote, na mzee akisifiwa sana huzidi kukumbuka. Na karatasi nayo huonyesha aliyeitwa. Aliyekuja kweli ni habari nyingine.

Hili la karatasi nalijua kwa uchungu, na sasa nitaeleza kwa nini nilimwuliza mjomba swali lile.

Toleo lililopita la gazeti hili, katika habari za Siku ya Wazazi, liliandika kwamba kwaya yetu iliimba vizuri, na kwamba ngoma kubwa "ilipigwa kwa ustadi" na mimi, jina langu na la baba yangu. Siku ile mimi sikupiga ngoma. Nilikuwa nimelazwa katika zahanati ya shule kwa malaria tangu Alhamisi, na kwaya niliisikia kwa mbali kupitia dirishani. Aliyepiga ni kijana wa Kidato cha Pili ambaye kazi yake ilikuwa kunibebea ngoma kwenda mazoezini, na ambaye hatukupata kumwachia aipige mbele ya watu hata siku moja. Mwandishi wa habari ile hakuwa na nia mbaya. Alinakili majina kutoka orodha iliyobandikwa ubaoni majuma mawili kabla ya sherehe.

Ningaliweza kusema siku ileile gazeti lilipotoka. Sikusema. Wenzangu wa bweni jingine walinipongeza, nami nikasema ahsante. Nilipofika nyumbani baba aliusoma ukurasa ule kwa sauti mbele ya wageni, na mama akauweka pamoja na vyeti. Nilipopita Tanga, mjomba naye alikwisha pata habari. Ndipo nikakaa mbele ya sanduku lake la santuri, nikasoma karatasi ya The Temptations, na swali likanitoka. Kijana yule kwa upande wake hakulalamika. Tuliporudi shuleni aliendelea kuniita kaka na kunibebea ngoma kama kawaida. Hilo la kunibebea ngoma ndilo lililonisumbua kuliko yote.

Mwalimu wa muziki alikuwa amerekodi wimbo ule kwa simu yake. Nilimwomba nikausikiliza. Hata kama nisingaliambiwa, ningalijua. Mimi huanza kwa mapigo mawili kabla ya kwaya kuingia. Yeye ameanza kwa matatu. Tena ni mtu wa mkono wa kushoto, na pigo lake zito linaangukia mahali ambapo langu huwa jepesi. Naungama kwamba mwendo wake katika ubeti wa tatu, kwaya ilipotaka kukimbia naye akaizuia, ni mzuri kuliko wangu.

Nilipowaeleza wenzangu wa chama cha midahalo kwamba nitaandika makala hii, mmoja alinipinga kwa hoja ambayo naiheshimu. Alisema, "Mpiga ngoma alilipwa. Mwashi aliyejenga ukumbi wetu naye alilipwa, na jina lake haliko ukutani. Je, tuandike na jina la aliyepika chakula cha waimbaji?" Nilimjibu hivi. Ukutani mwa ukumbi wetu liko jina la mgeni rasmi aliyeufungua, ambaye hakubeba hata tofali moja. Basi nafasi ya majina ilikuwapo, na swali ni nani aliyepewa. Juu ya sahani ya santuri ilipatikana nafasi ya nambari ya kampuni. Sidhani kuwa yuko mtu aliyewahi kucheza dansi kwa sababu ya nambari. Lakini ondoa dramu katika "Be My Baby" uone kitakachobaki. Na malipo? Malipo humlipa mtu kwa kazi yake ya siku ile. Hayampi mtu mwingine ruhusa ya kuitwa mwenye kazi hiyo, kama nilivyokubali mimi kuitwa.

Nalo si jambo la Marekani peke yake. Jumapili moja niliwauliza wenzangu bwenini waniambie ni nani aliyempigia dramu Mbaraka Mwinshehe katika nyimbo zake. Kila mmoja alimjua Mbaraka, ingawa alifariki mwaka 1979, sote hatujazaliwa. Wawili waliziimba nyimbo zake kwa moyo tangu mwanzo hata mwisho. Mpiga dramu hakutajwa na hata mmoja. Wazee waliocheza katika bendi za miaka ile, na waliowacheza, wako miongoni mwa wazazi na babu zetu wanaolisoma gazeti hili. Nawaomba, anayejua majina hayo kwa hakika, ayaandike na kutuletea, nasi tutayachapa. Anayekisia asituletee.

Kwa gazeti letu ninayo maombi mawili. Majina ya kwaya, ya maigizo na ya michezo yaandikwe baada ya shughuli, siyo kabla, na mwandishi akawaulize walioshiriki badala ya kunakili ubao. La pili, wapiga ngoma wawekwe katika orodha pamoja na waimbaji, kila mmoja na ngoma yake, kwa maana katika matoleo matano niliyoyatazama maktabani tumeandikwa "na wapiga ngoma" mara nne, na mara ya tano tumeandikwa kwa kosa.

Jina la kijana yule nimemkabidhi Bwana Mhariri, baada ya kumwomba ruhusa mwenyewe. Alisita kwanza, akaniuliza kama nitaadhibiwa. Naomba lichapwe chini ya picha ya kwaya katika toleo hili, na langu lifutwe katika habari za Siku ya Wazazi. Baba nimekwisha mwandikia barua, majibu hayajafika. Mimi naondoka Novemba baada ya mtihani, na tangu juma lililopita ngoma ninaibeba mimi kwenda mazoezini, yeye anapiga. Bado anaanza kwa mapigo matatu, na nimemwambia asibadilishe.